Zulia la Mzee Abdulswamadu

Stara hali nyumbani kwa mtu kabla hajaiona sakafu yake. Watu wa Majengo, pale Dodoma alikozaliwa, wanalijua hilo na wengi wamekwisha kumsamehe, lakini zamani lilimletea maneno. Akikaribishwa mahali, huvua viatu mlangoni, hutazama pembe za chumba, huinama kidogo kutazama chini ya makochi. Kama ataona nywele zimejisokota na vumbi kama kipanya kilichokufa, husema ameshiba, hata kama tumbo linanguruma.

Kinyaa hicho hakuzaliwa nacho. Alikipata kazini.

Alipokuwa msichana, ndugu wa upande wa mama yake walimchukua Maskati akasaidie kazi za ndani. Ua wa nyumba ile ulimwagiwa maji kila asubuhi mpaka vigae vikang'aa, lakini barazani, walipokaa wageni wa kiume, palitandikwa mazulia mazito ambayo hayakuoshwa. Wageni walikula pale pale chini, kwenye sinia. Mafuta ya mbuzi yalidondoka, punje za wali zikakanyagwa zikazama ndani ya nyuzi. Wakishaondoka, mama mwenye nyumba alileta chetezo akafukiza udi juu ya zulia, basi, usafi umekwisha. Stara husema hakuna harufu iliyowahi kumkaa kooni kama ile ya udi uliochanganyika na mafuta yaliyochacha. Mpaka leo, udi ukifukizwa harusini yeye hutoka nje.

Huko Maskati alipata kazi kwa familia ya ofisa mmoja wa ubalozi, Mtanzania, na familia hiyo ilipohamishiwa Tokyo alikwenda nayo. Tokyo ilimpa matumaini. Watu walivua viatu, wakavaa ndara za ndani, na chooni kulikuwa na ndara nyingine kabisa. Bibi mmoja jirani alimwonyesha namna mama yake alivyokuwa akifagia mikeka minene ya sebuleni: alitawanya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, yakiwa bado na unyevu, kisha akayafagia kufuata mstari wa nyasi, na vumbi likashikamana na majani badala ya kupanda hewani. Stara aliipenda kazi ile. Lakini siku moja aliinua mkeka mmoja akakuta upande wa chini umeota ukungu wa kijani, na ndani ya ukungu vidudu vidogo kuliko ufuta vinatembea. Alikuwa amelala juu yake majira yote ya mvua.

Kisha wakaenda London, na London ndiko kulikomharibu.

Nyumba waliyopangishiwa ilikuwa na kapeti kila mahali: sebuleni, kwenye ngazi, vyumbani, na chooni. Siku ya kwanza alipofungua mlango wa choo alidhani amekosea chumba. Lilikuwa kapeti la rangi ya waridi, limekatwa kwa umbo la duara kuizunguka miguu ya choo, na hapo lilipogusana na choo lilikuwa limegeuka manjano na kukakamaa kama ngozi iliyoanikwa.

"Mama," alimwuliza mke wa ofisa, "hapa watu wanaingiaje na maji?"

"Hawatumii maji, Stara. Wanatumia karatasi."

"Na hili kapeti linaoshwaje?"

Mama yule alilitazama kapeti, akamtazama Stara. "Sidhani kama linaoshwa," alisema.

Stara alitapikia kwenye beseni la kuogea. Tangu siku hiyo alikuwa akiingia mle na mifuko miguuni.

Jirani yao, ajuza mmoja mjane, alikuwa anahamia kwa binti yake akagawa vitu. Stara alipewa kifyonza vumbi cha zamani, cha kusimama, chenye mfuko wa kitambaa uliotuna kama mto wa kulalia. Aliufungua mfuko ule uani. Ndani mlikuwa na kitu kizima kimoja, cha kijivu, laini, kimeshikamana kama ngozi ya paka, na ndani yake kucha, nywele nyeupe, manyoya ya mbwa, mbawa za nondo. Alitapika tena. Kisha akarudi kutazama.

Mimi nilipomwuliza kwa nini alirudi, alinijibu kama mtu aliyekwisha kujiuliza mara nyingi. Ufagio, alisema, unasogeza tu uchafu. Deki inauyeyusha ukaenda kukaukia pembeni. Mashine ile inaukusanya wote mahali pamoja, na mtu akifungua anaona alichokuwa akikikanyaga, alichokuwa akikivuta puani, alichokuwa akikilalia. Alichukia kuona, na hakuweza kuacha kuona.

Basi alianza kuzikusanya. Aliporudi Dodoma kwa kudumu alijenga nyumba ndogo Makole, sakafu ya vigae vyeupe ili uchafu usipate pa kujificha, na chumba kimoja akakiacha kwa mashine. Watu walipojua, walimletea. Mgeni wa mradi wa maji aliyefunga mizigo kurudi kwao alimwachia moja. Mwanamke aliyenunua vyombo vya nyumba ya zamani ya wamisheni alimwuzia nyingine, ya chuma, ndefu kama kombora, inayoteleza sakafuni juu ya vyuma viwili virefu. Alikuwa na ya duara kama chungu. Alikuwa na moja ya Kijapani ya plastiki iliyodai transfoma yake yenyewe. Alikuwa na moja isiyotumia umeme kabisa, ya kusukuma kwa mpini, yenye brashi tumboni.

Kila moja ilikuja na tumbo lililojaa. Hakuna mtu anayeuza mashine hiyo akakumbuka kuimwaga. Stara alizifungulia uani, amejifunga kanga puani, amevaa glavu, na kila mara alilazimika kusimama katikati ya kazi akageukia ukuta na kutema mate.

Fundi wake alikuwa Yoramu, Mgogo wa Haneti, msuka mota mwenye kibanda karibu na soko la Sabasaba.

"Bi Stara," Yoramu alimwambia siku moja, akikata kwa kisu nywele zilizojizungusha kwenye brashi, "nimeshika mota za mashine za kusaga, nimeshika za pampu za visima walimofia mbuzi. Hakuna zinazonitia kichefuchefu kama hizi zako. Hizi nywele za nani?"

"Za mtu aliyekufa zamani, labda."

Yoramu aliitupa ile brashi. "Kwa mama yangu sakafu tunaikandika kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Ikichakaa tunakandika upya. Hakuna nywele ya mtu inayolala pale miaka yote hiyo."

"Mavi, Yoramu."

"Ya ng'ombe. Ng'ombe anakula majani."

"Mavi ni mavi," Stara alisema, na siku ile hakumpa mkono walipoagana.

Lakini sakafu iliyomsumbua kuliko zote haikuwa ya Haneti wala ya London. Ilikuwa ya nyumbani kwao.

Baba yao, Mzee Abdulswamadu, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi na karanga. Aliporudi kutoka hija alileta zulia kutoka Jeda, la rangi nyekundu iliyokolea, lenye maua ya kijani, kubwa kiasi cha kukijaza chumba cha mbele cha nyumba yao ya Majengo ukuta hadi ukuta. Alikaa juu yake kila alasiri, ameegemea mto, akipokea wageni. Alipougua, hakutaka kitanda, akalala hapo. Na alikatia roho hapo hapo, wakati Stara yuko Tokyo.

Baada ya mazishi Shaban, kaka yao mkubwa, alibaki na nyumba, na akatoa amri moja: zulia la baba haliondolewi. Halikuondolewa. Halikuinuliwa hata pembe. Mkewe Sabiha alilifagia kwa fagio la chelewa kila asubuhi, na siku za Idi alilinyunyizia marashi. Pepo za kiangazi za Dodoma, zile zinazoleta mchanga mpaka ndani ya sukari, zilipita juu yake mwaka baada ya mwaka.

Stara aliporudi, alipokanyaga chumba kile kwa mara ya kwanza, zulia lilibonyea chini ya unyayo wake kama mkate uliolowana. Harufu ilikuwa ya jasho, marashi, samli na kitu kingine, kitu cha chini, kama ndani ya pango la popo. Aliwaza juu ya baba yake aliyeugua pale kwa miezi. Alijua mwili wa mgonjwa unavyoacha vitu. Aliondoa mguu.

"Kaka, shikamoo. Hili zulia lingetolewa nje likapigwapigwa kidogo."

"Marahaba. Umeshinda Ulaya miaka yote, umerudi kumpiga baba?"

Hakulitaja tena. Lakini alipokwenda kuwasalimu alikaa kwenye kigoda cha plastiki mlangoni, na kila mtu aliona.

Mambo yaliharibika siku ya hitima. Kila mwaka Shaban huwaita majirani na ndugu kumsomea marehemu, na baada ya kisomo pilau huliwa pale pale chini. Mwaka huo Lulu, binti wa Shaban, alikuwa amerudi kwa wazazi wake na mtoto anayetambaa, waliyempa jina la Mzee Abdulswamadu. Chumba kilijaa. Stara alikuwa kwenye kigoda chake, sahani imelala mapajani, hajaigusa. Mtoto alikuwa akitambaa katikati ya watu na kila alichookota alikitia mdomoni.

Aliokota kitu pembeni ya ukuta. Alikitafuna. Kikasikika.

"Lulu!" Stara aliita. "Mtoto ana nini mdomoni?"

Lulu alicheka, akamshika mtoto, akaingiza kidole, akatoa. Ilikuwa nusu ya mende, miguu bado imo, imefungwafungwa na nywele. Alikifuta kidole chake kwenye zulia, akaendelea kula kwa mkono ule ule.

Stara alitaka kutoka nje. Hakufika. Alitapika kizingitini, mbele ya maalimu, mbele ya wazee waliokuwa wameshika matonge, na mengine yakaangukia viatu vya wageni.

Mmoja mmoja waliweka matonge chini, wakanawa, wakaaga. Shaban aliwasindikiza wote mpaka barabarani akiwaomba radhi, kisha akarudi.

"Umeniaibisha siku ya baba."

"Sikukusudia, kaka. Mtoto amekula mende."

"Watoto wote wanakula mende! Wewe umekula mende! Umelelewa hapa hapa, chini hapa." Alipiga mguu sakafuni na vumbi likapanda mpaka magotini mwake, likasimama kwenye mwanga wa mlango, na Stara akafunika pua. Hilo ndilo lililommaliza Shaban. "Unafunika pua? Kama unaona kinyaa kwetu, usije."

Stara akaacha kwenda.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, upepo umeanza kuvuma, Lulu alipobisha hodi Makole amembeba mtoto. Mtoto alikuwa mwekundu shingoni na viwikoni kwa vipele, na kifua chake kililia kama mlango usiopakwa mafuta.

"Shangazi, shikamoo. Tumetoka hospitali. Wamempa dawa ya kuvuta, wakaniuliza analala wapi na anachezea wapi. Nikawaambia. Wakasema vumbi lipunguzwe." Alianza kulia. "Baba yuko Kolo, kwenye msiba wa rafiki yake. Njoo na mashine yako kabla hajarudi."

"Mama yako anajua?"

"Mama amesema juu juu tu. Msilihamishe."

Stara alimpitia Yoramu, wakaibeba ile ya chuma ya wamisheni, yenye nguvu kuliko zote. Sabiha aliwapokea mlangoni, amekunja mikono.

"Wifi, juu juu," alisema.

"Juu juu, wifi."

Yoramu alichomeka plagi. Mashine ilinguruma, na Stara akauweka mdomo wa mashine juu ya zulia na kuuvuta polepole kuelekea kwake. Nyuma ya mdomo pakabaki njia nyekundu, nyekundu kama siku zulia lilipotoka Jeda. Sabiha alisogea kutazama. Halafu mashine ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, ikasimama kunyonya.

Tumbo lilikuwa limejaa. Walikuwa hawajamaliza hata upana wa mlango.

Walilimwaga uani. Kilichotoka hakikuwa vumbi la kijivu la Ulaya. Kilikuwa mchanga wa kahawia, mzito, na ndani yake wali uliokauka, kokwa za tende, kucha za miguu za watu wazima, vijiti vya mswaki, gamba la kidonda, mabawa ya mchwa, kinyesi cha panya kama mbegu nyeusi, na viwavi vyeupe vya nondo vinavyonyanyuka nyanyuka vikitafuta giza. Sabiha aliangalia, akavuta mtandio wake mdomoni, na hakusema tena juu juu.

Walirudi ndani. Walijaza, wakamwaga, wakajaza, wakamwaga. Lulu alikuwa amekaa na mtoto kwa jirani. Yoramu alikuwa amefunga fulana yake usoni. Walipofika pale pembeni ambapo mto wa Mzee ulikuwa, mdomo wa mashine ulishika zulia ukang'ang'ania. Stara alivuta. Kipande cha ukubwa wa sahani kikaja chote, laini, kimeoza, kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa.

Chini yake kulikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia ufa wa saruji na kujenga vichuguu chini ya zulia zima. Sehemu kubwa ya kilichokuwa kikibonyea miguuni mwa watu haikuwa zulia tena, ilikuwa mchwa na kazi yao. Yoramu aliinua kwa bisibisi. Pembeni zaidi, chini ya ua moja la kijani, kulikuwa na kiota cha panya kilichofumwa kwa nyuzi za zulia lenyewe, na ndani yake vitoto vyekundu, havina nywele, vinapumua vyote kwa pamoja. Mama yao alikurupuka akapita juu ya mguu wa Sabiha kuelekea jikoni.

Sabiha alipiga ukelele uliomleta jirani.

"Toeni!" alilia. "Toeni kitu hiki nyumbani kwangu!" Kisha, walipoanza kulikunja, akashtuka kwa maneno yake mwenyewe. "Hapana. Wekeni tu uani. Mngojeni mwenyewe aje alione."

Kuna watu husema Stara alipaswa kusikiliza hapo, na nadhani wana haki. Lakini walipolikokota nje lilikatika vipande, na kila kipande kilimwaga wadudu uani: kunguni, mende wadogo weupe waliotoka kubanduka ganda, na jongoo. Mmoja alipanda ndani ya glavu ya Stara. Alimhisi akitembea kwenye kiganja. Aliivua glavu, akaikung'uta, akapiga kelele kama mtoto, na alipotulia aliomba mafuta ya taa.

"Bi Stara," Yoramu alisema, "mwenye mali hayupo."

"Sitaki liendelee kuwepo," Stara alijibu. "Hata jioni moja."

Sufu inapoungua hutoa harufu ya nywele. Moshi ulikuwa mzito na wa mafuta, uliingia kwa majirani wote, na wote wakajua ni nini kinachochomwa. Ndani, Sabiha alikwangua sakafu kwa jembe, akamwaga dawa ya mchwa, akapiga deki kwa maji ya moto mpaka mikono ikavimba.

Shaban alirudi kesho yake. Stara alikuwepo, hakutaka wifi yake apokee peke yake. Shaban alisimama mbele ya chumba kitupu, akatoka uani, akasimama mbele ya jivu. Alikuwa bado ameshika mfuko wake wa safari.

"Shikamoo, kaka," Stara alisema.

Hakuitikia. Alichutama, akashika jivu, likateleza vidoleni.

"Lilikuwa limeoza, kaka. Lilikuwa na panya. Mwulize wifi. Mtoto alikuwa—"

"Umemchoma baba," Shaban alisema kwa sauti ndogo. Akaingia ndani na kufunga mlango.

Hawakusemezana muda mrefu. Alipomwona Stara barabarani alivuka upande wa pili. Na mtoto, ingawa vipele vilipotea na kifua kilitulia, upepo wa kiangazi kilichofuata ulipoanza alikohoa tena, si vibaya kama kwanza, lakini alikohoa. Shaban aliwaambia watu, "Mmeona? Haikuwa zulia." Maneno hayo yalimfikia Stara. Alikuwa na hakika na hakuwa na hakika.

Siku za mwisho kabla ya Ramadhani, watu wanapoombana radhi, Stara alikuwa anafagia barazani kwake alipomwona kaka yake anakuja na bakora, amevaa kanzu. Alikuwa amezeeka.

"Mwezi unaingia," Shaban alisema bila kuanza na salamu. "Sitaki kufunga na moyo huu."

"Karibu ndani, kaka."

Aliingia, na njia yake ikapita mbele ya mlango wa chumba cha mashine. Hakuwahi kukiona. Alisimama. Zilikuwa zimejipanga ukutani, mifuko inaning'inia, mipira imejikunja, na chumba, hata Stara akisafishe vipi, kina harufu ya nyumba za watu wengine.

"Unalala na madude haya?" aliuliza.

"Silali humu."

"Yananuka, Stara. Yananuka maiti." Uso wake ulikunjamana. Stara aliona, kwa mara ya kwanza, namna uso wake mwenyewe unavyoonekana kwa watu, akaona haya. "Ni ipi uliyokuja nayo kwangu?"

Alimwonyesha.

"Uliimwaga?"

"Mara nyingi, siku ile. Ya mwisho sikuimwaga. Sikuweza."

Shaban aliigusa mashine kwa ncha ya bakora. Halafu akasema, "Ifungue."

"Kaka, usitake hivyo."

"Ifungue. Ndicho kilichobaki."

Walitoka uani. Stara alitandaza gazeti, akafungua kibanio cha mashine, akamimina. Lilitoka bonge moja la kahawia, limekauka, likapasuka lilipogusa chini. Shaban aliketi kwenye kigoda, akainama, akaanza kulichambua kwa ncha ya bakora, kisha kwa vidole. Alichambua kwa makini, kama anayechagua mchele. Kokwa. Uzi mwekundu. Kucha nene ya manjano, aliyoishika, akaitazama, asijue ni ya baba, ya mgeni, au yake mwenyewe. Wadudu wakavu. Nywele.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Sijui. Chochote chake." Aliendelea. Mguu wa mende ulishika kidoleni mwake, akaukung'uta, haukutoka, akaukung'uta tena. Akakitazama kidole, kisha gazeti lote. "Na nilikuwa nasujudu juu ya hiki. Mara tano kwa siku. Nilikuwa naweka paji la uso hapa."

Akageuka pembeni akatapika.

Stara alimshika bega mpaka alipomaliza. Alileta maji na sabuni, akammiminia, na Shaban akanawa viganja, akanawa mpaka viwikoni, akanawa uso, akaomba maji mengine. Stara alilikunja gazeti, akalitia shimoni, akafukia.

"Lakini ungeningoja," Shaban alisema, akijifuta kwa kanzu.

"Ningekungoja."

"Ungeningoja nilione mimi mwenyewe, nilitoe mimi mwenyewe."

"Ndiyo. Nisamehe, kaka."

"Na mimi nisamehe." Alitafuta bakora yake. "Njoo ufuturu kwetu."

Alikwenda siku ya tatu ya mfungo. Sabiha alimkumbatia mlangoni. Stara alivua viatu, akaingia chumba cha mbele akitarajia saruji na jamvi, na akasimama.

Lulu, aliyekuwa sasa anafanya kazi katika duka la simu, alikuwa amenunua kapeti jipya. Lilikuwa la manyoya, la rangi ya maziwa, nyuzi zake ndefu kama kidole, limejaza chumba chote. Mtoto, ambaye sasa anatembea, alikuwa amekaa katikati yake na tende mkononi. Alikwisha kuila nusu. Nusu nyingine alikuwa anaipaka kwenye manyoya, kwa utulivu kabisa, na sisimizi walikuwa wamekwisha kulipata lile doa.

"Shangazi, umeliona?" Lulu alisema, uso unang'aa. "Laini!"

Shaban alikuwa amekwisha kukaa juu yake, ameegemea mto. Alimtazama dada yake.

"Zuri," Stara alisema. Alikaa. Alikunywa uji, alikula sambusa na tambi, na kila tonge alilimeza kwa nguvu, macho yake yakiwa kwenye sinia na si kwingine.

Siku hizi huenda Majengo kila Ijumaa asubuhi, na Yoramu humbebea ile ya Kijapani kwa sababu ni nyepesi. Huvuta vumbi chumba kizima wakati Sabiha anapika, humwaga uani, hufukia, hunawa. Kisha humwombea mtoto dua kwa ajili ya kifua chake, hurudi Makole, na siku hiyo chakula cha mchana hakimpiti kooni.